Wilbur Ross na kampuni zilizofilisika: faida ilikuwa kwenye madeni aliyoyaacha nyuma

Mizania_Wazi (mleta uzi)

Wakuu, kila ukitajwa uwekezaji wa kununua kampuni zilizofilisika, mtu anarukia "alinunua kwa bei ya kutupa". Bei ya kutupa peke yake haielezi kitu. Kampuni nyingi zimenunuliwa bei ya kutupa na zikamfilisi mnunuzi. Naomba tuipitie kazi ya Wilbur Ross, mwekezaji Mmarekani, kwa hesabu, hasa ile ya viwanda vya chuma Marekani kuanzia 2002.

Kwanza asili yake, kwa kifupi. Alizaliwa New Jersey mwaka 1937, akasoma Yale na Harvard, akaingia benki ya Rothschild 1976 na kukaa huko miaka zaidi ya 20 akiwa mshauri kwenye kesi za ufilisi. Mwaka 1990 aliwasimamia wenye hatifungani (karatasi za deni ambazo kampuni huwauzia wawekezaji) za kasino ya Taj Mahal ya Donald Trump. Makubaliano yakawa Trump aachie nusu ya umiliki, naye apunguziwe riba. Mwaka 2000, akiwa na miaka 62, akaanzisha WL Ross & Co. Maana yake aliijua meza ya wadai kwa miongo miwili kabla hajaweka mtaji mkubwa wa kwake.

Sasa chuma. Kampuni ya chuma ya LTV, ya Cleveland, ilikimbilia mahakamani Desemba 2000 chini ya Sura ya 11, sehemu ya sheria ya ufilisi ya Marekani inayoipa kampuni nafasi ya kujipanga upya. Mwaka mmoja baadaye jaji akaruhusu uzalishaji usimamishwe. Februari 2002 Ross akaunda International Steel Group (ISG), na Aprili akachukua mitambo mikuu ya LTV kwa takriban dola milioni 325, sehemu ikiwa taslimu na sehemu madeni aliyokubali kuyabeba. Mei 2003 ISG ikainunua Bethlehem Steel kwa takriban dola bilioni 1.5.

Angalieni ambacho HAKUKINUNUA. Pensheni za LTV, watu 82,000 hivi, zilienda PBGC, shirika la serikali linalodhamini pensheni za makampuni. Pengo lake lilikuwa kama dola bilioni 2. Za Bethlehem, watu 95,000 hivi, zilienda huko huko Desemba 2002, na pengo likakadiriwa wakati ule kuwa dola bilioni 4.3. Linganisheni 4.3 na bei ya 1.5. Kama mnunuzi angelazimika kuibeba ile ahadi, mitambo ya Bethlehem ilikuwa na thamani hasi hata kwa bei ya bure.

Hoja yangu ni hii: ustadi wa Ross ulikuwa kujua ni deni gani linabaki kwenye kampuni ya zamani na nani atalibeba, KABLA ya kutaja bei.

---

Tanuru_la_Pili

Mleta uzi umeanza vizuri, ila usiwasahau wafanyakazi, maana mitambo bila mkataba mpya wa kazi isingefika popote.

Viwanda vile vilikuwa na madaraja ya kazi zaidi ya 30. Fundi umeme hagusi bomba, fundi bomba hagusi waya, na mashine ikikwama watu watatu wa fani tatu wanasubiriana. ISG ilikaa na chama cha wafanyakazi wa chuma, United Steelworkers, wakayashusha hadi madaraja 5. Ngazi za usimamizi zikapunguzwa, na bonasi ikafungwa kwenye uzalishaji na ubora. Mkurugenzi aliyewekwa, Rodney Mott, alitoka Nucor, kampuni ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiendesha viwanda kwa mtindo huo, watu wachache na bonasi ya uzalishaji.

Chama kilikubali kwa sababu njia nyingine ilikuwa kufuli getini. Kikapata pia mfuko wa afya kwa wastaafu, unaolishwa na sehemu ya faida ya ISG. Haukurudisha bima yote ya zamani, lakini palikuwa na kitu.

Jambo la kiufundi ambalo wawekezaji wa mezani hawalijui ni kwamba tanuru la kuyeyushia likipoa kabisa, matofali ya ndani yanapasuka na chuma kilichobaki chini kinaganda. Tanuri za koki (makaa ya mawe yaliyookwa ili yatumike kuyeyushia chuma) ni mbaya zaidi, ukizizima huenda zisiwake tena. Kwa hiyo mitambo husubiri mnunuzi ikiwa ya moto, na kuiweka ya moto kunakula fedha kila siku. Hesabu ya bei lazima iwe na mstari wa "gharama ya kuwasha tena", na mstari huo unapanda kila wiki mnunuzi anapojadiliana.

---

Bint_Mizani

Naheshimu hesabu zenu, lakini tuiseme gharama ilipoangukia. PBGC hulipa pensheni hadi kikomo cha kisheria tu. Aliyeahidiwa nyongeza kwa kustaafu mapema, nyingi zilikatwa. Na bima ya afya haikuwa na mdhamini kabisa. Ya wastaafu wa Bethlehem ilikoma Machi 31, 2003. Hao ni watu walioshika kazi ya moto miaka 30, na ahadi ilikuwa sehemu ya mshahara wao. Mtu anayesoma kazi hii kama taaluma aijue sura hiyo tangu mwanzo.

---

Mizania_Wazi

Dada, sikupingi hata kidogo. Naongeza tu kwamba PBGC ilikuwa imeshazichukua pensheni za Bethlehem kabla ISG haijakamilisha ununuzi. Bila mnunuzi, pensheni zingeenda huko huko na ajira zingepotea juu yake. Lakini ni kweli kabisa kwamba thamani iliyobaki ilimwendea mwenye mtaji mpya, haikumwendea mstaafu. Hicho ndicho sheria ya ufilisi inachofanya, na asiyeweza kukitazama usoni asiifanye kazi hii.

---

Soko_Huria

Wote mmesahau majira. Machi 2002 Rais Bush alitangaza ushuru wa hadi asilimia 30 kwa chuma kinachoingia Marekani. ISG ilikuwa na wiki chache tu tangu iundwe. Ushuru ukaondolewa Desemba 2003, na mwezi huo huo ISG ikauza hisa kwa umma kwa dola 28. Halafu mahitaji ya China yakapandisha bei ya chuma 2004 kupita matarajio ya wengi. Oktoba 2004 ikatangazwa kwamba kampuni inauzwa kwa Lakshmi Mittal, tajiri wa viwanda vya chuma, kwa takriban dola bilioni 4.5, dola 42 kwa hisa.

Kwa hiyo faida ile ina vyanzo vitatu: madeni yaliyoachwa, mkataba mpya wa kazi, na mzunguko wa bei. Mbili za kwanza unaweza kuzifanyia kazi. Ya tatu unaweza tu kujiweka mahali itakapokukuta. Ross mwenyewe aliuza mapema, hakusubiri bei ifike kileleni. Hilo nalo ni sehemu ya kazi.

---

Mwanafunzi_wa_Hesabu

Wakuu nafuatilia kwa makini. Naomba mtu anieleweshe: mnunuzi anaingiaje? Ananunua mitambo mnadani, au ananunua madeni ya kampuni kwanza? Na anajuaje anunue deni lipi?

---

Mdai_Mkuu

Njia zote mbili zipo, na mara nyingi zinachanganywa.

Njia ya mnada, Marekani, ni kifungu cha 363 cha sheria ya ufilisi. Mnunuzi wa kwanza anasaini mkataba unaoweka bei ya chini, kisha mahakama inaitisha wengine wapande juu yake. Akishindwa, analipwa fidia, mara nyingi asilimia 3 hivi ya bei. Amri ya jaji inampa mali ikiwa safi, madai ya zamani yanahamia kwenye fedha za mauzo. Mdai mwenye dhamana anaweza kupanda dau kwa deni lake badala ya taslimu. Ukishindana naye, ujue kila dola unayoiongeza wewe ni ya kutoka mfukoni, ya kwake ni ya karatasi hadi deni lake liishe.

Njia ya madeni inataka hesabu ya matabaka. Chukua kampuni yenye thamani ya milioni 100. Ina mkopo wa benki wenye dhamana wa 60, hatifungani zisizo na dhamana za 90, na wauzaji wa malighafi wanaodai 30. Benki inachukua 60. Zinabaki 40, na zinagawanywa kwa wadai wa 120. Kila dola inapata senti 33. Wenye hisa hawapati kitu.

Thamani inaishia kwenye tabaka la hatifungani. Hao ndio watakaogeuziwa deni kuwa hisa, hao ndio wamiliki wapya. Hatifungani zikiuzwa sokoni kwa senti 20, ndiyo unazozitaka.

Sasa kinachoharibu. Thamani ikitoka kuwa 80 badala ya 100, baada ya benki zinabaki 20, na kila dola inapata senti 17. Umekosea thamani kwa asilimia 20, marejesho yako yamekatwa nusu, na uko chini ya bei uliyonunulia. Au thamani ni 100 kweli, lakini kampuni imekopa 15 za kuendeshea kesi, nazo zinalipwa mbele ya wote, na mawakili wamekula 5. Zinabaki 20 tena. Senti 17 tena. Kesi ikirefuka, tabaka lako ndilo linaloliwa. Wageni wengi wanaumia hapo, thamani ya mwisho wanaipata sawa na kalenda wanaikosa.

Jambo la pili ni kura. Chini ya Sura ya 11, kundi la wadai linakubali mpango kama waliopiga kura ya ndiyo wana angalau theluthi mbili ya kiasi cha deni na wamezidi nusu ya idadi. Ukishika zaidi ya theluthi moja ya kiasi, kundi hilo halikubali bila wewe. Kwa hatifungani za 90 pekee hiyo ni 30 na kidogo, kwa senti 20 ni kama milioni 6. Ila hakikisha kwanza kundi litapangwaje. Wakiwekwa pamoja na wauzaji wenye 30, theluthi ya 120 ni 40, na ulichoshika hakizuii tena.

---

Keshia_Hodari

Safi sana. Nami niongeze upande wa fedha za kila siku, maana hapo ndipo kampuni hufa kabla ya mpango kufika mahakamani.

Chombo cha kwanza ni mtiririko wa fedha wa wiki 13. Faida na hasara weka pembeni, tazama fedha zinazoingia na kutoka benki, wiki kwa wiki. Safu za lazima: makusanyo kutoka kwa wateja (kwa tarehe ambazo huwa wanalipa kweli, achana na tarehe ya ankara), mishahara, malighafi, umeme, kodi za serikali, pango, bima, ada za mawakili. Kila Ijumaa linganisha kilichotokea na ulichokadiria. Makusanyo yakiwa chini kwa asilimia 10 wiki mbili mfululizo, tafuta mteja gani ameanza kuzuia malipo na kwa nini.

Kosa linalojirudia ni kuusahau mkopo wa wauzaji. Tuseme kampuni inanunua malighafi za milioni 4 kwa wiki kwa mkopo wa siku 45. Ikishatangazwa imefilisika, kila muuzaji anataka taslimu mbele. Siku 45 ni wiki 6 na ushee, kwa hiyo unahitaji kama milioni 26 za ziada, na mauzo hayajaongezeka hata shilingi. Nimeona mipango mizuri mingi ambayo mstari huo haumo.

Kuwatuliza, unapanga wauzaji kwa makundi. Asiye na mbadala (kipuri cha mtambo mmoja, kemikali ya aina moja) mlipe sehemu ya deni la zamani kwa idhini ya mahakama, kwa sharti la maandishi kwamba anarudisha mkopo wa siku kadhaa. Mwenye mbadala asubiri foleni. Marekani tangu 2005 bidhaa zilizopokelewa ndani ya siku 20 kabla ya kufungua kesi zinalipwa kwa kipaumbele, kwa hiyo zihesabu kando mapema. Ni fedha nyingi kwa kiwanda kinachokula malighafi kila siku.

---

Tanuru_la_Pili

Ili tusimfanye Ross malaika wala shetani, tuangalie pia pale ambapo njia hiyo haikuzaa.

Nguo. Mwaka 2003 aliinunua Burlington Industries kwa dola milioni 614, akiishinda ofa ya Berkshire Hathaway ya Warren Buffett. Mwaka uliofuata akachukua Cone Mills, akaziunganisha kuwa International Textile Group. Madeni ya zamani yaliachwa nyuma, kama kwenye chuma. Lakini Januari 1, 2005 mgao wa kimataifa uliokuwa ukibana kiasi cha nguo zinazoingizwa nchini uliisha na bidhaa za Asia zikaingia. Kampuni ikajenga viwanda China, Vietnam na Nicaragua. Kile cha denimu Nicaragua kilifunguliwa na kikasimamishwa 2009. Mwaka 2016 kampuni nzima ikauzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Platinum Equity kwa takriban dola milioni 99. Mizania ilikuwa imesafishwa, ila gharama ya kuzalisha mita moja ya kitambaa ilibaki juu ya ya mshindani. Ufilisi unafuta deni. Bei ya mshindani inabaki pale pale.

Makaa ya mawe. International Coal Group ilitokana na mali za Horizon Natural Resources mwaka 2004, baada ya jaji kuruhusu mikataba ya chama cha wachimbaji ifutwe pamoja na bima za wastaafu wake. Novemba 2005 ikachukua Anker Coal, na ndani yake mgodi wa Sago, West Virginia. Wakaguzi walikuwa wameuandikia mgodi huo makosa zaidi ya 200 mwaka huo. Januari 2, 2006 ulilipuka, wachimbaji 12 wakafa. Kibiashara kampuni iliuzwa kwa Arch Coal mwaka 2011 kwa dola bilioni 3.4. Ukiweka vifo 12 karibu na takwimu hiyo, unaelewa kwa nini ripoti za usalama lazima zisomwe na mhandisi kabla ya kusaini, ukurasa kwa ukurasa, na fedha za kurekebisha zitengwe siku ya kwanza.

Na 2016 kampuni yake ilitozwa faini ya dola milioni 2.3 na mdhibiti wa masoko ya mitaji, ikarudisha kama milioni 11.8 kwa wawekezaji wa mifuko yake, kwa kutowaeleza vizuri jinsi ada zilivyokokotolewa.

---

Pwani_Capital

Sasa tuilete kwetu, maana msingi ni ule ule. Kampuni ya saruji ya Athi River Mining, ARM Cement, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Agosti 2018 kwa Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015. Ilivyouzwa ni somo kamili.

Upande wa Kenya, National Cement ya Narendra Raval ilinunua MALI na biashara kwa takriban dola milioni 50. Madeni yalibaki ARM, wadai wakagawana fedha za mauzo. Upande wa Tanzania, kiwanda cha Tanga kilikuwa cha kampuni tanzu, Maweni Limestone. Huaxin ya China ilichukua HISA zake mwaka 2020, dola milioni 116.

Mnunuzi wa hisa anaichukua kampuni na historia yake: kodi ambazo hazijakaguliwa, kesi za wafanyakazi, fidia za ardhi. Lakini leseni za madini na haki za ardhi zinabaki kwa mwenye jina lile lile. Tanzania, chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, mgeni hamiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, kwa hiyo kuhamisha mali moja moja kunaweza kuchukua muda ambao kiwanda hakina. Ndiyo maana swali la "mali au hisa" linajibiwa na orodha ya leseni, na mwanasheria wa ardhi anaitwa mapema kuliko mtaalamu wa kodi. Kumbuka pia Tume ya Ushindani. Muunganiko unaovuka kiwango lazima uarifiwe kabla ya kufungwa.

Tofauti yetu kubwa na Marekani ni kwamba hapa hakuna PBGC, na soko la kununua hatifungani kwa senti 20 ni dogo mno. Mwenye ufunguo ni benki yenye dhamana. Unaenda kwake, unanunua mkopo wake kwa punguzo au mnakubaliana kuusogeza mbele.

---

Mwanafunzi_wa_Hesabu

Na Nakumatt, ile ya maduka makubwa ya Kenya, mkuu? Ile nayo ilikuwa na msimamizi lakini haikuinuka.

---

Keshia_Hodari

Nakumatt iliingia kwenye usimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Maduka 6 ya mwisho yalichukuliwa na mshindani wake Naivas kwa shilingi za Kenya milioni 422, wakati madai yote yalizidi bilioni 30.

Sababu ni ile hesabu ya wiki 13. Duka kubwa halina tanuru wala mlima wa chokaa. Lina pango, rafu, na bidhaa za watu wengine. Wauzaji wakiacha kuleta, rafu zinabaki tupu, wateja wanahama ndani ya wiki chache, wenye majengo wanachukua nafasi zao. Usimamizi unazuia wadai wasikamate mali, haumlazimishi muuzaji akuletee unga. Bila fedha mpya mwezi wa kwanza, hakuna cha kupanga upya.

---

Mwanafunzi_wa_Hesabu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mtu akitaka kuanza kazi hii Nairobi au Dar, na msimamizi amemfungulia chumba cha nyaraka, aombe nini kwanza?

---

Mdai_Mkuu

Kwa mpangilio huu.

Kwanza hati zote za dhamana, na cheti cha usajili wa kila moja. Dhamana isiyosajiliwa vizuri inaanguka mbele ya msimamizi, na mdai wake anashuka kwenye foleni. Hilo peke yake linaweza kubadilisha nani ana ufunguo. Usiamini jedwali la muhtasari, soma hati.

Pili taarifa za benki za miezi 12, akaunti zote, pamoja na zile za kampuni dada. Fedha zilizokwenda kwa wakurugenzi au jamaa zao kabla ya kufilisika zinaweza kudaiwa zirudi, na mara nyingine hapo ndipo mahali pekee pa kupata nyongeza.

Tatu orodha ya wafanyakazi na malimbikizo yao. Kenya mishahara ya hadi miezi 4 inalipwa kwa kipaumbele, kwa kikomo cha shilingi 200,000 kwa mtu. Kinachozidi kinaungana na wasio na dhamana. Zidisha mwenyewe, usichukue jumla uliyopewa.

Nne kodi: makadirio yaliyopingwa pamoja na yaliyolipwa.

Tano, tembelea kiwanda na fundi anayeijua mitambo hiyo, umwambie aangalie vipuri stoo kabla ya kuangalia mtambo. Kampuni iliyoishiwa fedha huanza kung'oa kipuri kutoka mashine moja kwenda nyingine miezi mingi kabla ya kutangazwa. Mashine 4 kwenye rejista zinaweza kuwa 2 zinazofanya kazi.

Na uulize kalenda. Kenya usimamizi unaisha baada ya miezi 12 usipoongezwa, na mapendekezo ya msimamizi yanatakiwa yawafikie wadai ndani ya siku 60. Ukiingia siku ya 50 bila ofa ya maandishi, unajadili mpango ambao mwingine ameshauandika.

---

Bint_Mizani

Ongeza la sita, mkuu: makato ya wafanyakazi ambayo hayakupelekwa NSSF na SACCO. Fedha ilishakatwa kwenye mshahara wa mtu na haikufika. Iombe kwa mwezi na kwa jina, na iandikwe kwenye ofa nani atailipa na lini.

---

Mdai_Mkuu

Sahihi kabisa. Iwekeni namba tatu, pamoja na malimbikizo.